Mbegu za Muthiga na Chupa ya Chumvi

Baba yangu alikuwa na njia moja tu ya kujua kama mahindi yamekauka, na sikumbuki hata mara moja ambapo ilimdanganya. Alichukua chupa ya soda iliyooshwa na kukaushwa juani, akatia punje hadi nusu, akaongeza kijiko cha chumvi kavu, akaziba mdomo wa chupa kwa kidole gumba na kutikisa. Kisha aliiweka dirishani tukangoja. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yanarudi juani. Chumvi ikianguka yote na kioo kubaki safi, mahindi yanaingia guniani. Sisi watoto wa nyumba ile tulijua kutikisa chupa kabla hatujajua kusoma saa. Nilimaliza shahada ya elimu ya mimea mwaka 2007, na kwa miaka yote ya chuo sikupata kipimo nilichokiamini kuliko hicho.

Nasema haya mapema kwa sababu hicho ndicho nilichotumia kuua mbegu za muthiga.

Muthiga ni mti wa misitu ya milimani. Gome lake huwasha ulimi kama pilipili, halafu kifua kinafunguka. Baba alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kiwanda chenye vumbi, akastaafu na kikohozi ambacho hakikustaafu naye. Kila asubuhi alitafuna kipande cha gome kiasi cha ukucha, uso ukikunjamana, macho yakitoa machozi, kisha akavuta pumzi ndefu na kuuliza chai iko wapi. Mimi ndiye niliyetumwa kumnunulia. Nililipata mtaani Rhonda, hapa Nakuru, kwa mama mzee aliyekuwa na kibanda cha mabati kati ya fundi wa viatu na muuza makaa. Wateja walimwita mathe, yaani mama kwa lugha ya mtaani. Mimi nilimwita Shosho, kwa sababu alikuwa rika la nyanya yangu, na kwa sababu mtu mwenye wasiwasi kama mimi hupenda kujificha nyuma ya heshima.

Mwaka huo sikuwa na kazi. Niliandika barua za kuomba kazi na nyingi sikuzituma. Ningeandika kwamba mimi ni mwaminifu, halafu ningeanza kujiuliza: kwa nini mtu ajitaje kuwa mwaminifu kama hajawahi kushukiwa? Ningelifuta neno hilo, barua ingebaki na pengo, ningeanza upya. Kufikia saa sita mchana ningekuwa na karatasi tano zilizokunjwa na sababu kumi za kungoja hadi kesho. Kwa hiyo kutumwa Rhonda kulinifurahisha. Ilikuwa kazi yenye mwanzo na mwisho.

Mwezi wa tano vipande vya gome vilikuwa vinene kama kidole. Mwezi wa saba vilikuwa vyembamba kama kadi ya kukwaruza ya simu. Nilivigeuzageuza mkononi siku tatu kabla sijathubutu kuuliza.

"Shosho, mbona gome limekuwa jembamba hivi?"

"Hilo ni la tawi. La shina nimeacha."

"Kwa nini?"

"Wewe ukichunwa mgongo kila mwezi utaishi?" Aliendelea kufunga vipande kwa gazeti. "Huko kwetu mlimani nilikuwa na miti kumi na mmoja. Sasa unaozaa umebaki mmoja."

Mama mwingine alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono mmoja kwenye kikapu. Alikuwa mwenye duka la vitambaa mjini, mzaliwa wa Nakuru, na nyanya yake alifika nchini kutoka India wakati wa kujengwa kwa reli. Hakuja kutafuta gome. Yeye alinunua majani ya muthiga, akayatia kwenye mchuzi wa dengu. Kwao walianza kufanya hivyo zamani, siku ambazo pilipili ilikuwa haipatikani huku bara, na ladha ikabaki.

"Shosho, majani yangu iko?"

"Yako. Lakini kidogo."

"Kila siku kidogo. Unaniuzia ama unanionjesha?"

"Nakuonjesha mama, ndio usinisahau."

Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka, nilikuwa bado nauwaza ule mti mmoja.

Mwezi wa nane Shosho alinichukua kwenda kuuona. Tulishuka kwenye matatu pale Kikopey asubuhi, moshi wa nyama choma ukiwa umeanza kupanda ingawa hakuna aliyekuwa na njaa saa hiyo, tukapata pikapu ya maziwa iliyokuwa inarudi mlimani Eburru na mikebe mitupu. Kule juu ardhi yenyewe hutoa mvuke. Unaona kijito cheupe kikitoka kwenye nyufa katikati ya shamba la mtu, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Wenyeji huweka bomba refu la chuma juu ya ufa, likiwa limeinama kidogo. Mvuke unapita ndani, unapoa, na mwisho wa bomba unatoka kama maji, tone baada ya tone. Mito hakuna. Mtungi wa lita ishirini unaweza kuchukua nusu siku.

Tulipanda saa moja na nusu. Shosho alikuwa na miaka sabini hivi na alinitangulia muda wote. Kila tulipopita kisiki au mti uliokauka aliugusa na kuendelea. Miti mingine ilikuwa imechunwa gome duara nzima na watu wa magunia, wale wanaoliuza kwa jumla, na ilikuwa imekufa imesimama. Hiyo aliilaani waziwazi. Lakini ile iliyomsumbua zaidi ilikuwa na gome lake lote. Ilikuwa imekauka kuanzia kileleni kwenda chini, matawi ya juu yakiwa meupe kama mifupa.

"Hii haikuguswa na mtu," alisema. "Imekosa ukungu."

Alinieleza kwamba alipokuwa msichana ukungu ulilala kwenye tuta lile hadi saa nne asubuhi. Ungeingia msituni saa tatu na kutoka umelowa kama aliyenyeshewa, na mvua haijanyesha. Miti ilikunywa ule ukungu kwa majani. Sasa ukungu unaamka mapema. Saa moja umeshapanda, unakaa huko juu, na jua linaingia mahali ambapo halikuwahi kuingia. Mimea ya dawa aliyokuwa akiichimba karibu na nyumbani alikuwa anaipata juu zaidi kila baada ya miaka michache. Mingine haipati tena.

"Yote inapanda," alisema, akionyesha kwa fimbo. "Inafuata baridi. Na mlima nao unaisha, si unaona? Pale juu ni mawingu tu."

Mimi nilikuwa nimesoma mambo hayo. Nilikuwa nimeyajibu kwenye mtihani, nikachora mlima wenye mistari na mishale inayoelekea juu, na nikapata alama nzuri. Mchoro wangu ulikuwa na kilele, lakini sikukumbuka kukifikiria kama mahali ambapo mambo huishia.

Mti wake ulikuwa kwenye bonde dogo lenye kivuli. Haukuwa mkubwa kama nilivyotarajia. Shinani ulikuwa na makovu mawili marefu, moja upande jua linakotokea, jingine upande linakozama, kila moja upana wa kiganja. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake: unachukua pande hizo mbili tu, unapaka kidonda udongo uliolowa, na usirudi hadi kidonda kijifunge chenyewe. Kovu la upande wa machweo lilikuwa limeanza kujifunga miaka minne iliyopita na halikuwa limefika nusu.

"Zamani ilikuwa misimu miwili," alisema. "Sasa mti hauna nguvu ya kuponya."

Chini hakukuwa na mche hata mmoja. Alikuwa amejaribu kuotesha miche kwake miaka miwili mfululizo, na kila mwezi wa kwanza wa mwaka ikamfia mikononi, kwa sababu maji ya bomba la mvuke yalitosha watu na mbuzi tu. Halafu alinitazama kwa namna ambayo ningepaswa kuielewa siku ile ile.

"Huko kwenu mjini kuna mfereji, mnafungua tu maji yanatoka," alisema.

Mapema mwezi wa kumi na moja alikuja kibandani na kikapu kilichofunikwa kwa majani na kuvumwani iliyolowa ya magome ya miti. Ndani kulikuwa na matunda ya muthiga, ya zambarau, makubwa kama ndimu ndogo, yenye harufu ya pilipili na kitu kitamu. Mwaka huo ukungu ulikuwa umekaa wiki moja wakati wa maua, na mti ulikuwa umezaa. Nyani walikula mengi. Hayo ndiyo waliyomwachia.

"Peleka ukayapande leo," aliniambia. "Leo ama kesho asubuhi. Usiyaache."

Nilimuuliza kina cha shimo. Nilimuuliza mbegu inalala kifudifudi au kwa ubavu. Nilimuuliza kama udongo wa kwetu mjini ni mwekundu kupita kiasi, kama niuchanganye na mbolea ya mbuzi au ya ng'ombe, na kama maji ya mfereji yenye dawa yangeziumiza. Alijibu moja moja kwa subira. Sikumuuliza kwa nini iwe leo. Swali hilo halikunijia kichwani kwa sababu nilidhani nalijua jibu: wazee wana haraka.

Mama wa duka la vitambaa alikuwapo. Alishika tunda moja, akalinusa, akalirudisha kikapuni kama yai.

"Kwangu kuna mfereji nyuma ya nyumba na kivuli cha mparachichi," aliniambia. "Hakuna kuku, hakuna mbuzi. Leta hata leo."

"Asante sana mama. Nitaleta nikiwa tayari."

"Tayari ya nini? Ni mchanga na maji."

Nilicheka kwa adabu. Nilibeba kikapu hadi nyumbani na kuanza kufikiria.

Mvua za vuli hazikuwa zimekuja sawasawa. Kulikuwa na manyunyu siku mbili, halafu jua. Nilichukua kalenda na kuhesabu. Mbegu zikipandwa sasa, miche itatokea mwezi wa kumi na mbili, itakuwa na majani mawili mwezi wa kwanza, na mwezi wa kwanza ndio jua linalochoma hata nyasi. Shosho mwenyewe alikuwa amesema miche yake ilikufa mwezi huo. Je, si ujinga kurudia kosa lile lile? Je, si bora mbegu zingoje salama hadi mvua za masika, mwezi wa tatu? Nilijiona nimeona mbali. Nilisahau kwamba miche ya Shosho ilikufa kwa kukosa maji, na mimi nilikuwa nimepewa mfereji. Hoja yangu ilikuwa nzuri kila mahali isipokuwa pale ilipohitajika.

Siku ya nne matunda yalianza kulainika na kuota ukungu mweupe, aina ya ukungu ambayo hakuna mtu anayeitaka. Nilishtuka. Niliyapasua, nikatoa mbegu, nikaziosha. Zilikuwa arobaini na tatu, za rangi ya asali, zenye umbo la moyo, zikiteleza kwa mafuta. Uani Baba alikuwa ameanika mahindi yaliyotumwa kutoka kwetu magharibi. Nilitandaza gunia pembeni ya mahindi yake na kuzipanga mbegu mstari kwa mstari.

"Hizo ni nini?" aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Mbegu za muthiga, Baba. Nataka kuziweka hadi mwezi wa tatu."

"Za dawa yangu?"

"Ndiyo."

Alisimama. Sikumbuki mara ya mwisho aliposimama haraka namna ile. Alikuwa amelipa karo miaka yote bila kuelewa hasa nilichokuwa nasoma, na hatimaye kazi yangu ilikuwa imeingia mahali anapopajua. "Basi lazima zikauke vizuri," alisema. "Zikiingia na maji zitaoza. Leta chupa."

Siku ya kwanza chumvi ilishika kwenye kioo ikawa kama barafu. Baba alitikisa kichwa. Siku ya tatu ilishika kidogo chini. Alizigeuza mwenyewe kila saa, akafukuza kuku wa jirani kwa kandambili, akaziingiza ndani wingu lilipopita. Siku ya tisa alitikisa chupa, akaiinua juu kwenye mwanga, na chumvi yote ikamwagika chini kama mchanga. Kioo kilikuwa safi kabisa.

"Umeona?" alisema. "Hata ungeziweka miaka miwili."

Tulizichanganya na majivu, kama maharagwe, tukazitia kwenye chupa kavu na kuziba mdomo kwa nta ya mshumaa. Niliandika karatasi nikaibandika: Muthiga, Eburru, mti wa Shosho, panda mwezi wa tatu. Herufi zilinipendeza. Niliiweka chupa kabatini nyuma ya nguo za baridi, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nililala bila kujiuliza kitu.

Yaliyofuata baada ya uchaguzi wa mwisho wa mwaka ule kila mtu wa Nakuru anayo ya kwake, na mimi sina jambo la kuongeza. Tulifungiwa ndani siku nyingi. Tuliona moshi upande wa mtaa wa Kaptembwo. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi walianza kuulizana babu zao walitoka wapi. Kibanda cha Shosho kilibomolewa pamoja na vingine vya mstari ule, na yeye kwa bahati alikuwa kwake mlimani tangu Krismasi. Katika siku hizo nilikuwa nikifungua kabati na kuishika ile chupa. Nilijiambia kwamba katika mji unaoungua nimehifadhi angalau kitu kimoja. Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo, ile fahari. Mbegu zilikuwa zimekufa tangu mwezi wa kumi na moja, juani, mbele ya macho yangu, zikigeuzwa kwa upendo.

Mvua za mwezi wa tatu zilikuja zikiwa zimechelewa, lakini zilikuja. Nilipeleka chupa kwa mama wa duka la vitambaa. Alikuwa amenitayarishia udongo uliochekechwa chini ya mparachichi, na mifuko ya nailoni iliyotobolewa, ameipanga kama vikombe vya wageni. Tulipanda mbegu moja kila mfuko. Alizinyunyizia kila asubuhi kwa birika la chai, kwa sababu alisema mdomo wa birika ni mpole.

Wiki mbili. Wiki nne. Magugu yaliota kwenye mifuko, tukayang'oa. Wiki ya sita nilifukua mbegu moja na kuikata kwa wembe. Ndani ilikuwa nyeusi, ngumu, imejitenga na ganda lake. Ilinuka majivu. Nilifukua nyingine, na nyingine. Mama wa duka alisimama nyuma yangu na birika mkononi.

"Labda kwangu hazikupenda," alisema polepole.

Nyumbani nilitoa sanduku la madaftari ya chuo chini ya kitanda. Ilinichukua chini ya nusu saa. Daftari la mwaka wa pili, kwa mwandiko wangu, lilieleza kwamba mbegu za miti mingi ya msituni hazivumilii kukaushwa, kwamba hubaki hai kwa maji yaliyomo ndani yake, na hupandwa zikiwa mbichi, siku chache baada ya tunda kuiva. Nilikuwa nimepiga mstari chini yake mara mbili. Nilikuwa na kalamu nyekundu wakati huo na nilipenda kupiga mistari.

Baba aliuliza mbegu zimefikia wapi. Nilimwambia mvua haikutosha. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na ulitoka laini kiasi kwamba wa pili haukunigharimu.

Mwezi wa tano Shosho alirudi Rhonda. Alikuwa amepata mabati mapya, kibanda kikiwa kidogo kuliko cha zamani, na makaa yakiuzwa sasa na mtu mwingine. Alikuwa amekonda. Alinishika mikono yote miwili.

"Mko salama? Baba yako?"

"Tuko, Shosho. Anakohoa tu."

"Na watoto wangu?"

Nilijua anamaanisha nini. Nilikuwa na wiki nzima ya kujiandaa kwa swali hilo, nilikuwa nimetunga majibu manne, na nikatoa lile ambalo sikuwa nimelitunga.

"Zilipotea Januari," nilisema. "Wakati wa fujo."

Alinipiga begani polepole. "Wacha. Watu wamepotea, sembuse mbegu. Bora wewe uko."

Kama angenitukana ningeweza kusema ukweli pale pale. Aliponifariji, mlango ulijifunga. Nililipia gome la Baba, ambalo sasa lilikuwa maganda ya vijiti, nikaenda zangu. Nilijiambia nitarudi Ijumaa kumweleza. Ijumaa nilijiambia itamuumiza bure. Wiki iliyofuata niliwaza kwamba kusema ukweli ni njia ya kujipunguzia mzigo mwenyewe kwa kumtwika mzee, na hoja hiyo niliipenda kwa sababu ilinifanya nionekane mwema.

Mwezi wa sita nilimkuta mama wa duka la vitambaa kibandani, akiuliza majani. Hakukuwa na majani.

"Basi," alisema. "Na zile mbegu pia zilinikatalia, Shosho. Pole sana. Nilimwagia maji kila asubuhi, kweli, hata siku ya harusi ya mtoto wa dada yangu. Hakuna hata moja ilitoka."

Shosho alikuwa anafunga pakiti. Vidole vyake vilisimama.

"Mbegu gani?"

"Za muthiga. Si tulipanda na huyu mwezi wa tatu?"

Niliangalia viatu vya fundi wa jirani vilivyopangwa, kimoja hakikuwa na kisigino. Mama wa duka alitazama uso wangu, akaelewa kwamba amesema jambo, akashika kikapu chake na kuaga. Shosho alimaliza kufunga pakiti. Alinipa bila kuniangalia.

"Jumamosi njoo mlimani," alisema.

Nilikwenda kwa matatu ya kwanza, kabla ya alfajiri. Nilifikiria visingizio kutoka Nakuru hadi Kikopey, na kutoka Kikopey hadi juu. Alikuwa ananingoja kwenye ufa wa mvuke karibu na kwake, akapanda mbele yangu kama mara ya kwanza, ila safari hii hakuugusa mti wowote na hakusema lolote. Tulifika chini ya muthiga. Maua yalikuwa yamedondoka ardhini, madogo, ya kijani iliyofifia, yamekauka kabla ya kushika tunda. Nilipiga magoti nikayaokota kwenye kiganja kana kwamba naweza kuyarudisha.

"Mwaka huu ukungu haukukaa," alisema. "Sasa niambie."

Nilimweleza yote: kalenda, mwezi wa kwanza, gunia la Baba, chupa, chumvi, siku tisa, majivu, nta, kabati. Nilimweleza pia daftari na ile mistari miwili. Alisikiliza akiwa ameegemea fimbo. Nilipofika kwenye chumvi aliniinulia mkono nikanyamaza.

"Mlizianika?"

"Ndiyo."

"Na chumvi?"

"Ya kupima tu, Shosho. Kama mahindi."

Alicheka, kicheko kifupi, kikavu, halafu akafuta macho kwa ncha ya leso na sikujua anafuta nini. "Mtu amesomea miti miaka yote hiyo," alisema. "Ningejuaje lazima nikwambie muthiga sio mahindi? Nilifikiri hilo hata mtoto anajua. Mbegu yake ni kama mtoto mchanga, hailazwi njaa." Aliikunja leso. "Nilikwambia leo ama kesho."

"Uliniambia."

"Na ukasema ni fujo. Fujo ilibeba mengi. Ya kwako ungeyabeba mwenyewe."

Safari hii kichwa changu kilikuwa kimya, na nisingependa kukisikia kimya namna ile tena. Nilimuuliza kama mti utazaa tena. Alipapasa kovu la upande wa machweo, pale lilipoishia kujifunga.

"Wewe ndiye una digrii. Mimi naona umechoka. Usipopata maji kwenye mizizi miezi hii ya jua, hata maua hautatoa."

Tulishuka. Kwenye ufa wa mvuke alichukua mtungi wa lita ishirini, akauweka chini ya mdomo wa bomba. Tone lilianguka ndani, likalia kwenye plastiki tupu. Alinisogezea kigoda.

"Huu wa leo ni wa mti," alisema. "Ukijaa utaupandisha. Jumamosi ijayo utarudi, na ile nyingine."

"Utajaa saa ngapi, Shosho?"

"Si wewe unajua kungoja? Kaa hapo."

Aliingia ndani kuangalia mbuzi wake. Nilikaa. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshafika kwenye tuta lote, na mvuke ulitoka ardhini mweupe na kupotea kabla haujafika kimo cha mtu. Nilihesabu matone hadi mia mbili, nikapoteza hesabu, nikainamisha mtungi kuangalia. Maji yalikuwa yamefunika sakafu yake tu.